Mgeni Akifika Uvira, Ale Nini? Historia ya Sahani Yetu



Kila kiangazi wageni wanakuja. Kuko wanaoshuka toka Bukavu kupitia Kamanyola, kuko wanaovuka mpaka wa Kavimvira wakitokea Bujumbura, kuko ndugu zetu waliobaki Nyarugusu, na siku hizi kuko watoto waliohamia Marekani na Kanada wanaorudi kuona makaburi ya babu zao. Wote wanauliza swali moja: hapa Uvira mtu anakula nini? Na jibu letu mara nyingi ni la aibu: "Ah, hapa hakuna kitu, ni bugali na ndagala tu."

Hilo neno "tu" ndilo linalotufanya tuandike. Mtu anayesema "tu" juu ya chakula cha kwao hajui kile chakula kilipita njia gani mpaka kikafika kwenye sahani.

Kuko na sababu ya pili. Sisi tuliorudi tunasikia maneno. Tukiongea Kiswahili cha upande wa Kigoma, tunaitwa "Watanzania". Mtoto aliyezaliwa Lugufu akisema dagaa badala ya ndagala, wenzake shuleni wanamcheka, wanamwambia yeye si wa hapa. Basi leo tuikalie hiyo sahani, tuiulize kitu kimoja kimoja: wewe ulitoka wapi, na ulifika lini? Tutaona nani ni mwenyeji na nani ni mgeni.

NDAGALA: MWENYEJI WA KWELI

Tuanze na ziwa, juu ya kila kitu hapa kinaanza na ziwa. Tanganyika ina urefu wa kilomita karibu 670, na kilindi chake kinapita mita 1,400. Ni ziwa la nchi nne: Congo, Tanzania, Burundi na Zambia. Ni la zamani sana, na samaki wake wengi hawakuwa mahali pengine popote duniani. Ndagala ni mmoja wao. Kigoma wanamwita dagaa, Burundi na kwetu ni ndagala, lakini samaki ni yule yule. Mtoto wetu anayesema dagaa hakusema uongo. Ametaja jina la ng'ambo la samaki wa maji yale yale.

Wazee walivua ndagala usiku kwa mtumbwi, na moto wa kuni au matete ukiwaka mbele. Ndagala wanafuata mwanga. Wakisogea karibu, mvuvi anawachota kwa lusenga, ule wavu wa mfuko wenye mti mrefu wa kushikia. Ilikuwa kazi ya watu wachache, na samaki walitosha kijiji na majirani.

Katika miaka ya 1950 mambo yalibadilika. Wavuvi Wagiriki waliokaa Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, walileta wavu mkubwa wa kuzungusha na mashua za chuma. Karibu na wakati huo ilianza pia ile namna tunayoiona mpaka leo: mitumbwi miwili au zaidi inafungwa pamoja kwa miti, wavu unashushwa chini yake, taa zinawashwa juu, halafu wavu unavutwa ukiwa umejaa. Zamani zilikuwa taa za mafuta ya petroli za kupampu, siku hizi ni balbu za betri. Ukisimama Kalundu usiku wa giza ukitazama upande wa Burundi, unaona taa zimepangwa juu ya maji kama mji mwingine.

Mgeni ajue jambo moja ambalo kila mama wa soko analijua: ndagala wanafuata mwezi. Mwezi ukiwa mpevu, taa za wavuvi hazina nguvu, samaki wanatawanyika, na ekipe nyingi zinabaki nchi kavu kutengeneza nyavu. Siku hizo ndagala mbichi ni adimu na bei inapanda. Mgeni anayetaka ndagala mbichi, waliotoka majini asubuhi ile, waliokaangwa na kitunguu na kukamuliwa limau, aje wakati wa mwezi mchanga. Akija wakati mwezi mpevu, atakula wakavu. Wakavu pia ni chakula cha heshima: unawachagua, unawapeta mchanga utoke, unawakaanga bila maji mpaka waanze kulia kwenye sufuria, ndipo unatia nyanya na pilipili.

Na huyu mwenyeji wa kweli naye aligeuka msafiri. Ukienda Bukavu au Goma watakupa sambaza, na watakuambia ni samaki wa kwao. Kumbe sambaza ni aina moja ya ndagala wa Tanganyika. Walichukuliwa wakiwa wadogo na kupelekwa ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, juu ya lile ziwa halikuwa na samaki wa namna hiyo. Miaka ya 1967 na 1968 walipelekwa mbali zaidi, mpaka ziwa Kariba, kati ya Zambia na Zimbabwe. Huko wanaitwa kapenta. Hakuna anayewaambia warudi kwao.

MUKEKE, KUHE NA SANGALA

Kisha ndagala wanafuata wale wanaowala. Mukeke ndiye wa kwanza. Waliokaa Kigoma wanamjua kwa jina la mgebuka. Ana mwili mrefu mwembamba, nyama nyeupe, miba michache. Anachomwa mzima juu ya makaa, na chumvi na pilipili pembeni. Kuhe ni mkubwa na mzito. Wataalamu wanasema ni mmoja wa wakubwa kabisa katika jamaa yake yote duniani. Huyo ni samaki wa sherehe: mkwe akija, kuhe anatafutwa. Sangala ni mkubwa pia, na vipande vyake vinapikwa na mchuzi wa nyanya.

Desturi yetu ni kwamba mgeni anapewa kichwa cha samaki au kipande cha katikati, kwa kufuata nyumba na nyumba. Mgeni asikatae. Na asishangae akiona sahani moja kubwa na mikono mingi. Anawe mikono, akae, ale upande wake wa sahani bila kuvuka kwenda upande wa jirani.

BUGALI: MSAFIRI TOKA NG'AMBO YA BAHARI

Sasa tuje kwenye kile tunachokiita chakula hasa, maana hapa mtu akila samaki bila bugali anasema hajala. Bugali ya mihogo tunaiona kama mzee wa ukoo, aliyekuwepo toka mwanzo. Sivyo. Mihogo ni mmea wa Amerika ya Kusini. Wareno waliutoa Brazili wakauleta kwenye mlango wa mto Congo katika karne ya 16. Toka kule magharibi ulitembea polepole, shamba kwa shamba, mto kwa mto, mpaka ukafika kwetu upande wa mashariki.

Mbele yake babu zetu walikula ugali wa mtama na ulezi, pamoja na ndizi. Mahindi yalitoka Amerika vile vile. Maharagi yetu, karanga, viazi vitamu, nyanya na hata pilipili yenyewe, vyote asili yake ni kule. Toa hivyo vyote jikoni mwako, uone kitakachobaki.

Wakati wa Wabelgiji mihogo ilipata nguvu nyingine. Toka mwaka 1917 sheria iliruhusu serikali kulazimisha wanakijiji kulima mazao fulani, na miaka ya 1930 kazi hiyo iliwekewa kipimo cha siku 60 kwa mwaka. Katika bonde la Ruzizi na upande wa Fizi, wazee waliokuwepo wanakumbuka pamba. Pamba ilikuwa ya kuuza kwa kampuni, haikujaza tumbo la mtu. Shamba la pamba lilikula muda wa shamba la chakula. Mihogo ikawa msaada, juu ya haidai kazi nyingi, inavumilia udongo mchovu, na inaweza kungojea ardhini mwaka mzima na zaidi bila kuoza.

Sifa hiyo ya kungojea ndiyo iliyotuokoa wakati wa vita. Mahindi ukiyaacha shambani ukakimbia, ukirudi hakuna kitu. Mihogo ukiiacha, ukirudi usiku kwa kujificha, unachimba unapata chakula. Wengi wetu tuko hai juu ya ile mihogo ya kuchimba gizani.

Lakini mihogo ina siri yake, na hapa tunaomba vijana wasikilize vizuri. Mihogo michungu ina sumu. Inatakiwa imenywe, ilowekwe majini siku tatu au zaidi mpaka ilainike, kisha ianikwe ikauke vizuri mbele ya kutwangwa au kusagwa. Watu wakiwa na njaa au wakikimbia, wanaharakisha: wanaloweka siku moja tu. Wakila hivyo wiki nyingi, bila samaki wala maharagi, miguu inaweza kupooza ghafla na isipone tena. Ugonjwa huo unaitwa konzo. Daktari Trolli aliuandika mwaka 1938 kutoka eneo la Kwango, magharibi mwa Congo, na hata Kivu ya Kusini umeonekana. Mama anayekuambia "ngoja siku ya tatu" hakuchelewesha chakula. Analinda miguu ya watoto wake.

SOMBE

Majani ya mmea huo huo ndiyo sombe. Kwa Kilingala ni pondu, Tanzania ni kisamvu, Burundi na Rwanda ni isombe. Jina linabadilika ukivuka mto, kinu ni kile kile.

Sombe nzuri inajulikana kwa subira. Majani machanga yanatwangwa mpaka yawe laini, kisha yanachemshwa saa moja na zaidi, sufuria ikiwa wazi ili ule mvuke mbaya utoke. Mbele ya hapo hakuna kutia mafuta. Baadaye ndipo vinaingia kitunguu, pilipili, mawese, na ndagala wakavu au karanga zilizosagwa. Watu wa Uvira wengi wanapenda sombe na ndagala. Jirani anayetoka upande mwingine atakuambia sombe bila karanga si sombe. Ugomvi huo hauna mwisho, na mgeni asijiingize. Ale zote mbili na asifu zote mbili.

Mawese yenyewe ni mzaliwa wa Afrika yetu. Mingazi imejaa kandokando ya ziwa toka kwetu kushuka mpaka Baraka na Fizi, na ng'ambo upande wa Rumonge. Mafuta mekundu yaliyokamuliwa kijijini yana harufu yake, na mgeni aliyezoea mafuta ya duka ataisikia toka mlangoni.

MCHELE NA KISWAHILI VILIPITA NJIA MOJA

Aprili 1858 Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika Uvira kwa mitumbwi kutoka Ujiji. Walikuwa wakitafuta habari za mto Ruzizi, kama unatoka ziwani au unaingia. Waliambiwa unaingia. Mwaka 1871 Livingstone na Stanley walikwenda kwenye mlango wa mto wakaona kweli unaingia. Wenyeji walikuwa wanajua siku zote, hawakuhitaji mtumbwi wa mtu kuwahakikishia.

Katika habari alizoandika Burton, Uvira ilikuwa tayari soko la wafanyabiashara Waarabu na Waswahili wa ng'ambo. Walikuja kwa nafaka, vyombo vya chuma, nguo za magome ya miti, pembe za ndovu. Na walikuja kwa watu. Hili tusilifiche: biashara ya watumwa ilipita kwenye fukwe hizi hizi tunazoanikia samaki. Njia iliyoleta shanga na vitambaa ilibeba pia watoto wa watu kwenda Ujiji, na toka huko kwenda pwani.

Njia hiyo ilileta mchele. Wafanyabiashara walioingia ndani mpaka Maniema, na kukaa Kasongo wakati wa Tippu Tip, walilima mpunga kulisha watu wao, na watu wa Maniema wakaushika kilimo hicho wakakifanya chao. Mpaka leo mtu wa Kasongo au Kindu bila mchele anaona kama hakukaribishwa. Na njia ile ile ilileta lugha hii tunayoiandika. Kwa hiyo mtu anayetucheka juu ya Kiswahili chetu cha ng'ambo akumbuke kwamba Kiswahili chake pia kilivuka maji, miaka mingi mbele ya sisi kuzaliwa.

Kwetu mchele unatoka bonde la Ruzizi: Luberizi, Luvungi, Kiringye. Maji ya mito inayoshuka milimani yanaelekezwa kwenye mashamba. Mchele mpya una harufu nzuri na unashikana kidogo ukiiva. Unaliwa na maharagi, au na samaki wa mchuzi. Njiani kuingia mjini mgeni atapita Kiliba, na atanunua muwa wa kutafuna. Hapo palikuwa na kiwanda cha sukari kilichoajiri watu wengi wa eneo letu, mpaka vita ya 1996 ilipokisimamisha. Wazee wa Kiliba bado wanahesabu miaka kwa kiwanda: mbele ya kusimama, na nyuma ya kusimama.

VINAVYOSHUKA MILIMANI

Mji wetu uko kama ukanda mwembamba: mgongo umeegemea milima, miguu iko majini. Vitu vya ziwa vinapanda, vitu vya milima vinashuka. Wamama wanateremka na maharagi, viazi, ndizi, lenga-lenga. Toka juu zaidi, kwa wafugaji wa Itombwe, yanashuka maziwa na siagi, na yale maziwa yaliyoganda tunayoyaita mashanza. Mashanza na viazi vitamu ni chakula cha asubuhi cha kumshibisha mtu mpaka jioni. Mbuzi naye anashuka kwa miguu yake, anaishia kwenye makaa, na hapo jina lake linakuwa michopo. Mgeni atayasikia michopo kwa pua mbele ya kuyaona. Wanaokunywa watapata kasiksi ya ndizi. Wasiokunywa watapewa maji ya tangawizi, na hakuna atakayewauliza sababu.

Angalia sasa: Mvira, Mfuliiru, Mbembe, Murundi wa bondeni, Munyamulenge wa milimani, Mshi aliyeshuka toka Bukavu, Muzoba wa ziwani, wote wanakutana sokoni Mulongwe mbele hawajakutana mahali pengine. Siku ambazo barabara ya mlimani imefungwa na bunduki, bei ya maharagi inapanda mjini na bei ya ndagala inapanda mlimani. Sahani inajua habari za usalama mbele ya redio.

KILE TULICHORUDI NACHO

Watu wa hapa wamevuka ziwa zaidi ya mara moja. Mei 1964, wakati wa uasi, Uvira ilitekwa na watu wakakimbilia Burundi na Kigoma. Mwaka 1996 vita ilirudi, kubwa zaidi. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwishoni mwa mwaka huo, Lugufu ikafuata mwaka 1997. Kule tulikula kwa kadi. Kipimo kilihesabiwa kwa kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku, lakini siku nyingi kipimo kilikatwa. Ulikuwa unga wa mahindi, maharagi au zile mbaazi za njano ngumu kuiva, mafuta kidogo, chumvi, na unga wa uji wa soya kwa watoto.

Hatukudharau, uliokoa maisha. Lakini mama wengi walitoa sehemu ya unga wa mahindi wakabadilisha kwa mihogo au kwa fungu la dagaa, hata kama hesabu ya tumbo haikuwa nzuri. Mtu wa nje aliona ni hasara. Mama alijua anachonunua: alitaka mtoto wake, angalau mara moja kwa wiki, ajue kwao kunaonja namna gani.

Oktoba 2005 HCR ilianza kurudisha watu kwa meli toka Kigoma mpaka Baraka. Wengine walirudi kwa barabara kupitia Burundi. Lugufu ilifungwa mwaka 2009. Tulirudi na sufuria, mabati, na ujuzi. Leo ukipita asubuhi Kimanga au Kasenga, utakuta mama anasukuma chapati kandokando ya njia, mwingine anakaanga maandazi na kumimina chai ya tangawizi. Siku ya arusi utaona pilau yenye viungo pembeni ya sombe. Chapati na pilau vilifika huku toka zamani na watu wa ng'ambo, lakini wengi wanaoviuza leo walijifunza Kigoma na makambini. Mikono hiyo imelipa ada za shule, na imechanga likelemba ya wamama wengi wa chama chetu.

Kwa hiyo tukiulizwa tumeleta nini katika mji huu, jibu liko kwenye kikaango. Tumefanya kile kila aliyetutangulia alichofanya: aliyekuja na mihogo, aliyekuja na mpunga, aliyekuja na wavu wa kuzungusha. Alifika, alionekana mgeni, akapika, na baada ya miaka chakula chake kikaitwa cha kwetu.

KINACHOTISHIWA

Cha kushangaza, hatari kubwa leo iko kwa yule mwenyeji wa kweli. Wavuvi wote wanasema samaki wamepungua na wamekuwa wadogo. Mwaka 2003 wanasayansi walitangaza kwamba maji ya juu ya ziwa yanazidi kupata joto, na chakula cha samaki kilichoko chini hakipandi tena kama zamani. Juu ya hilo sisi wenyewe tunaongeza: mitumbwi mingi, nyavu za macho madogo, na hata vyandarua vya mbu vinavyokokotwa ufukweni na kubeba watoto wa samaki. Nchi nne za ziwa zimekubaliana juu ya kupumzisha uvuvi miezi mitatu kwa mwaka, na upande wa Tanzania ziwa lilifungwa toka 15 Mei mpaka 15 Agosti 2024.

Kufunga ziwa ni dawa chungu. Mama anayeanika ndagala hana mshahara wa kungojea miezi mitatu. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika ukabeba nyumba na watu, na maji ya ziwa yalipopanda miaka ile yakafunika fukwe za kuanikia. Wengi wao walianza upya kwa mkopo. Tukitaka wapumzishe ziwa, lazima akiba yao ijengwe mbele ya kufungwa. Hii ni kazi ambayo likelemba inaweza kuanza sasa, fungu kidogo kidogo wakati wa mwezi mchanga, wakati samaki ni wengi.

Na hatari ya pili ni ya ujuzi. Vijana waliokulia kwenye unga wa kadi hawajui kutofautisha mihogo michungu na mitamu, hawajui siku ngapi za kuloweka, hawajui ndagala waliokauka vizuri na wale walioanikwa wakiwa wameanza kuoza. Koko zetu wanajua, na koko zetu wanaondoka.

KWA MGENI, NA KWA MWENYEJI

Basi mgeni akifika, tusimwambie tena "hakuna kitu". Asubuhi apewe chai ya tangawizi na chapati, au mashanza na viazi vitamu. Saa sita ale bugali ya mihogo na sombe ya mawese, ndagala mbichi pembeni kama mwezi unaruhusu. Alasiri atafune muwa wa Kiliba. Jioni apelekwe karibu na ziwa ale mukeke wa makaa, na kama mfuko unaruhusu, kuhe. Siku ya pili mchele wa Luberizi na maharagi ya mlimani, na michopo usiku. Anunue kwa wamama wa barabarani, alipe bei yao, na akitaka kubeba zawadi, abebe ndagala wakavu waliofungwa vizuri.

Wakati anakula, aelezwe. Aambiwe mihogo ilitoka wapi, na sambaza wa Bukavu ni ndugu ya nani. Waswahili wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tumekuwa pande zote mbili za methali hiyo.

Kwa wanachama, ombi ni dogo. Kwenye mkutano wa mwezi ujao, kila familia ije na kijana mmoja na mzee mmoja. Wazee wataonyesha mihogo, namna ya kuimenya, kuiloweka na kuianika, na vijana wataandika siku na hatua kwenye daftari la chama. Mwenye kinu aje na kinu. Bugali itakuwepo, na sombe za namna zote mbili, ili ule ugomvi wa karanga uendelee vizuri.